Mwajiri Naye Aonyeshe Karatasi

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Kati ya tarehe hizo mbili ilipita Kintinku, kwenye tambarare za Ugogo chini ya kingo za Bonde la Ufa, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Kwa miongo mingi habari za kazi za mbali zilifika hapa kwa treni. Siku hizi zinafika kwa simu. Kijana mwenye shahada anaweza kuwa Kintinku, akapokea ujumbe wa LinkedIn kutoka kwa "meneja rasilimali watu" wa Dubai, mwenye suti na tabasamu. Swali lake ni lile lile la watu waliopita hapa kwa reli: huyu anayeniita kazini ni nani?

Wengi wa wale wasafiri walikuwa manamba. Walitoka Tabora na Kigoma, wakapita Kintinku wakielekea mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Aliyeandikishwa alipimwa afya na kuweka dole gumba kwenye mkataba asioweza kuusoma. Kazini alipewa kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 alizofanya kazi. Aliitwa kwa namba, na ndiyo asili ya neno manamba. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 ilihesabu kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Wakala alitakiwa kuwa na leseni, lakini leseni hiyo ilikaguliwa na bwana shauri. Kibarua hakuwa na nafasi ya kuiuliza.

Uhuru ulibadilisha mwajiri. Haukubadilisha nani anamkagua nani. Juni 2014, waombaji zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulikuwa na sababu zake. Lakini pamoja na foleni ya uwanjani, ulituzoesha jambo moja: anayetiliwa shaka ni mwombaji. Tunakwenda kwenye usaili na vyeti, kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho na majina ya wadhamini. Mwajiri hatumdai hata karatasi moja, kwa kuogopa kuonekana wajeuri.

Tapeli wa mtandaoni anaijua vizuri woga hiyo, na ndiyo mtaji wake. Anakuomba picha ya pasipoti, vyeti vyako na namba ya NIDA, kisha ada ndogo ya "kushughulikia fomu". Wewe unahangaika kuthibitisha kwamba unafaa, na muda wote huo yeye hajathibitisha hata kwamba yupo.

LinkedIn ilianza kutumika mwaka 2003, na tangu mwanzo mtu huandika mwenyewe cheo chake. Mwaka 2022 Renée DiResta, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza jinsi ujumbe mmoja wa kibiashara ulivyomshtua: mwanamke wa kwenye picha alikuwa na hereni moja tu, na macho yake yalikaa katikati kabisa ya picha. Yeye na mwenzake Josh Goldstein walifuatilia, wakagundua akaunti zaidi ya 1,000 zenye sura zilizotengenezwa na kompyuta. Nyingi zilikuwa za kusaka wateja, si za wizi. Hata hivyo zilionyesha jinsi ilivyo rahisi kumuumba mfanyakazi asiyekuwepo. Na tangu hapo mashine zimejifunza kuvalisha hereni zote mbili.

Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Kagua kama unavyokaguliwa. Wasifu huo ulifunguliwa lini? Tangu Oktoba 2022 LinkedIn yenyewe inaonyesha. Je, ana wafanyakazi wenzake wanaomtambua? Barua pepe yake ni ya kampuni au ni ya bure? Kama kampuni ni ya Tanzania, itafute kwenye daftari la BRELA mtandaoni. Kisha ipigie simu kwa namba uliyoipata mwenyewe, si aliyokupa yeye. Akitaja ada, kumbuka kwamba Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba wakala wa ajira hamtozi mtafuta kazi.

Kinachoweza kupotea si ada tu. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wameshikiliwa Myanmar, na wengine 100,000 hivi Kambodia, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wengi waliitikia matangazo ya kazi, na ripoti ilisema wengi wao ni wasomi, wanaojua kompyuta na lugha zaidi ya moja. Mapema 2025 maelfu walitolewa kwenye makambi ya Myawaddy, mpakani na Thailand. Walikuwemo Wakenya, Waganda na Waethiopia.

Manamba alinyang'anywa jina akapewa namba. Mateka wa Myawaddy ananyang'anywa jina akapewa wasifu wa uongo, sura ya mtu mwingine ya kutumia kumnasa mtu mwingine. Huenda "meneja" anayekuandikia usiku huu naye aliwahi kutuma maombi ya kazi bila kuuliza swali.

Babu zetu walioweka dole gumba hawakuwa na njia ya kumhoji mwajiri. Sisi tunayo. Mwajiri wa kweli akiulizwa karatasi zake atazionyesha, na anayekasirika amekwisha kujibu.