Siku Inaanza Magharibi

Niliweka alamu ya simu 3:00, nimkabidhi mteja sare saa tatu asubuhi. Ikalia saa tisa usiku! Mtoto akaamka, nami asubuhi nikapitiwa na usingizi.

Wazee wa pwani walihesabu saa kwa jua, ambalo huku kwetu halibadiliki sana mwaka mzima. Siku yao ilianza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Siku ya kuanza usiku wa manane ililetwa na ofisi za wakoloni. Hapa Songea Wajerumani waliingia mwaka 1897.

Nimerudi kwa wazee. Nikishasali magharibi nafungua daftari, kesho yangu imeshaanza: sare zinakunjwa, madaftari ya watoto yanaingia begini. Kukata vitambaa nangoja alfajiri, nyumba ikiwa kimya.