Usiku Hermes Alipovunjwa Uso

Aliyetembea mitaa ya Athens katika karne ya 5 KK hakuwa na namna ya kumkwepa Hermes. Alisimama kwenye milango ya nyumba, kwenye njia panda, mbele ya mahekalu: nguzo ya jiwe ya pembe nne, isiyo na mikono wala miguu, juu yake kichwa cha mwanamume mwenye ndevu na katikati uume uliosimama. Pembe ya kaskazini-magharibi ya Agora, uwanja wa soko na siasa, ilijaa nguzo hizo hata eneo zima likaitwa kwa jina lake. Jirani yake palikuwa na kinyozi, na ukimtafuta mtu wa kitongoji cha Decelea mjini ulielekezwa kwa kinyozi huyo, kwa kuwa ndicho kilikuwa kijiwe chao. Ukiwataka watu wa Plataea, ungoje siku ya mwisho ya mwezi, uende wanakouza jibini mbichi. Habari hizi za vijiwe zimetufikia kwa sababu mtu mmoja alikuwa na kesi, na hotuba aliyoandikiwa na Lysias imesalia.

Vitabu vingi vya kujifunzia habari za Ugiriki ya kale hugawa mambo mafungu matatu: hadithi za miungu, kisha vita na watawala, halafu sura fupi mwishoni kuhusu chakula, mavazi na nyumba. Mgawanyo huo humsaidia mwanafunzi kufaulu mtihani. Mwathene mwenyewe asingeuelewa. Kwake Hermes alikuwa wa hadithi, wa dola na wa mlangoni kwa wakati mmoja, na hakuna tukio linaloonyesha hayo waziwazi kuliko lile la mwaka 415 KK.

Mwaka huo Athens ilikuwa ikiandaa msafara wa kwenda kuiteka Sicily. Merikebu za vita, zikijumlishwa na za washirika wake, zilikuwa 134, na majemadari watatu: Alcibiades, Nicias na Lamachus. Zikiwa bado hazijang'oa nanga, watu waliamka asubuhi moja wakakuta sanamu za Hermes karibu mji mzima zimevunjwa nyuso. Pengine si nyuso tu. Miaka minne baadaye Aristophanes, bingwa wa vichekesho, aliweka katika mchezo wake Lysistrata utani unaowaonya wanaume wenye ashiki wajifunike, wasije wakaonwa na wale wakata-Hermes, na hadhira ya Athens ilijua fika anasema nini.

Ili kuelewa hofu iliyozuka, yafaa kumjua aliyeumizwa. Wasomaji wa Biblia wamekutana naye katika Matendo ya Mitume, pale watu wa Listra walipomdhania Paulo kuwa ni Herme kwa sababu ndiye aliyekuwa msemaji. Wagiriki walisimulia kwamba alizaliwa pangoni, katika mlima Kyllene, na mama yake alikuwa Maia na baba yake Zeus. Siku ileile ya kuzaliwa alimkuta kobe mlangoni, akamfanya gamba lake kuwa kinubi. Jioni akaenda kuiba ng'ombe 50 wa kaka yake Apollo, akawaswaga kinyumenyume ili kwato zao zielekee walikotoka, na yeye mwenyewe akajisukia makubadhi ya matawi asitambulike nyayo. Alipokamatwa alijilaza kwenye nepi zake, akaapa kuwa hata hajui ng'ombe ni kitu gani. Zeus alicheka. Apollo alitulizwa kwa kupewa kinubi.

Mungu wa namna hii ndiye aliyekabidhiwa wasafiri, wafanyabiashara, wapiga mbiu, wezi, na roho za wafu zinazohitaji kuongozwa kwenda kuzimu. Kumweka mlangoni ni busara inayoeleweka: nyumba za Athens zilijengwa kwa matofali ya udongo mbichi juu ya msingi wa mawe, na mwizi hakusumbuka na kufuli, alitoboa ukuta. Nani wa kumzuia mwizi zaidi ya mungu wa wezi? Kumvunja uso huyo, ambaye ndiye mlinzi wa safari, muda mfupi kabla ya maelfu ya vijana kupanda merikebu, hakukuweza kuchukuliwa kama utundu wa walevi. Thucydides, mwanahistoria aliyeishi enzi zile, anaandika kwamba watu waliliona jambo hilo kuwa ndege mbaya kwa msafara, na tena kuwa ni njama ya kuipindua serikali ya umma.

Basi serikali ikatangaza zawadi nono. Yeyote mwenye habari za kufuru yoyote, awe raia, mgeni au mtumwa, aliahidiwa kinga. Neno hilo "yoyote" ndilo lililofungua mlango. Mtumwa aitwaye Andromachus alijitokeza, si kusema juu ya Hermes, bali juu ya karamu nyumbani kwa Pulytion, ambako Alcibiades na wenzake waliigiza kwa mzaha ibada za siri za Eleusis. Alcibiades, ilidaiwa, alijifanya kuhani mkuu.

Hapa hadithi nyingine inaingia katika kumbukumbu za mahakama. Demeter, mama wa nafaka, alinyang'anywa binti yake Persephone na Hades, mfalme wa kuzimu. Alimtafuta duniani kote, akafika Eleusis katika umbo la bibi kizee, akaketi penye kisima, akaajiriwa kulea mtoto wa mfalme Keleos. Kwa hasira yake ardhi iligoma kuotesha. Zeus ilimbidi amtume Hermes, huyohuyo, akamrudishe binti; lakini Persephone alikuwa ameshakula punje ya komamanga, kwa hiyo sehemu ya kila mwaka humrudia mume wake chini.

Kila mwaka, karibu na Septemba, waumini waliandamana takriban kilomita 20 kutoka Athens hadi Eleusis. Kabla ya hapo walikwenda kuoga baharini, kila mmoja na mwananguruwe wake wa kafara. Walioingizwa katika siri hizo walitarajia hali njema baada ya kifo. Sharti lilikuwa kuelewa Kigiriki na kutokuwa na damu ya mtu mikononi. Wanawake waliingia, watumwa waliingia. Katika mji ambao mwanamke hakupiga kura na mtumwa hakuwa na haki hata ya mwili wake, hilo si dogo. Kilichotendeka ndani ya ukumbi kilikatazwa kusemwa, na adhabu ya kukitoa nje ilikuwa kifo. Ajabu ni kwamba maelfu kwa maelfu walipita pale, miaka nenda miaka rudi, na siri ikakaa siri.

Kwa hiyo mzaha wa karamuni, mbele ya watumwa waliokuwa wakimimina divai, uligusa tumaini la watu wa kila hali. Alcibiades aliomba ashtakiwe upesi kabla ya kuondoka. Maadui zake walijua jeshi linampenda. Wakamwacha aende, kisha wakatuma merikebu kumrudisha. Akiwa njiani, kusini mwa Italia, alitoroka, akaishia Sparta, kwa adui.

Mjini, wakati huo, watu walikuwa wakikamatana. Diocleides alieleza baraza kwamba usiku ule aliamka mapema kwenda Laurion, kwenye migodi ya fedha, kuchukua malipo ya mtumwa wake aliyemkodisha huko. Kwa mwanga wa mwezi mpevu akaona watu kama 300 karibu na ukumbi wa michezo wa Dionysus, akajificha kivulini. Akataja majina 42. Walimvika taji, wakampandisha garini, wakampeleka kula kwa gharama ya dola. Plutarch, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema usiku huo ulikuwa wa mwezi mwandamo. Kwa vyovyote, Diocleides alikiri kuwa alisema uongo, na akauawa.

Kati ya wale 42 alikuwamo Andocides, kijana wa ukoo wa kale. Alishukiwa zaidi kwa sababu ya jiwe: sanamu kubwa ya Hermes iliyokuwa karibu na nyumba ya kwao ilikuwa miongoni mwa chache zisizoguswa. Baadaye alijitetea kuwa kazi ya kuivunja ile alipangiwa yeye, lakini alikuwa ameanguka kutoka kwenye farasi na kuvunjika mtulinga, wenzake wakadhani ameshaitimiza. Utetezi wenye mtulinga ndani yake una mvuto. Mimi siuamini wote. Ninachokiamini ni maelezo yake ya gerezani: usiku milango imefungwa, huyu amekuja mama yake, yule dada, mwingine mke na watoto, vilio vimetanda, na binamu yake Charmides akimsihi aseme analolijua, aiokoe jamaa nzima. Alisema. Waliotajwa wakauawa au wakakimbia, na mali zao zikapigwa mnada.

Mnada huo, kwangu, ndio kitabu bora cha maisha ya kila siku ya Athens. Maofisa wa mauzo waliandika kila kitu juu ya mawe, kodi ya mauzo na bei ya kila kitu, na mawe yakasimikwa katika hekalu la Demeter chini ya Akropoli, mbele ya mungu aliyekosewa. Vipande vyake vimechimbuliwa katika Agora. Ndani yake mna vitanda vya Alcibiades vilivyotengenezwa kwa mtindo wa Mileto, mito, meza, mitungi mitupu, milango. Mashamba ya Oeonias, mmoja wa waliohukumiwa, katika kisiwa cha Euboea yaliuzwa kwa talanta 81 na theluthi, na talanta moja ni drakma 6,000.

Halafu unafika kwa Cephisodorus, mgeni mkaazi wa bandari ya Piraeus. Hakuwa raia, hakuruhusiwa kumiliki ardhi, lakini alikuwa na watu 16. Hawakuandikwa majina. Mwanamke wa Thrace, drakma 165. Mwanamume wa Thrace, 170. Mwanamume wa Syria, 301, ghali kuliko wote. Mskithia, 144. Mvulana wa Karia, 174. Mtoto mdogo wa Karia, 72. Miaka michache baadaye, katika ujenzi wa hekalu la Erechtheion, fundi alilipwa drakma 1 kwa siku, raia na mtumwa sawasawa, ingawa ya mtumwa iliishia kwa bwana wake. Mtoto yule, basi, alikuwa na thamani ya siku 72 za fundi.

Hata mtumwa alikuwa na mlango wa kuingilia kwa miungu ya nyumba. Siku ya kwanza aliketishwa mekoni, kwa Hestia, mungu wa moto wa nyumbani, akamwagiwa tini kavu na lozi, kama alivyofanyiwa bibi harusi. Mtoto mchanga wa mwenye nyumba naye alizungushwa mekoni hapohapo, siku chache baada ya kuzaliwa, na mlangoni likatundikwa taji la mzeituni akiwa mvulana, au sufu akiwa msichana. Desturi hizi huwa zinasimuliwa kama mambo matamu ya kale. Nadhani zisomwe sambamba na ile orodha ya bei.

Msafara wa Sicily uliangamia mwaka 413 KK. Nicias, mtu mcha miungu aliyekodisha watumwa 1,000 kwenye migodi ya Laurion kwa oboli 1, sehemu ya sita ya drakma, kwa kila mmoja kwa siku, aliona mwezi umepatwa tarehe 27 Agosti, akakataa kuondoa jeshi mpaka siku 27 zipite, kama walivyoagiza waaguzi. Zilikuwa siku za kutosha kwa adui kumzingira. Wafungwa wasiopungua 7,000 walitupwa katika machimbo ya mawe ya Syracuse, kwa kikombe cha maji na viwili vya nafaka kwa siku. Mwaka huohuo Wasparta, kwa shauri la Alcibiades, waliweka kambi Decelea, njia ya nchi kavu ikawa ya hatari, na maandamano ya Eleusis yakalazimika kwenda kwa bahari.

Aliyeyarudisha barabarani ni Alcibiades mwenyewe. Mwaka 407 KK alipokelewa nyumbani kwa shangwe, laana alizokuwa ametangaziwa zikaondolewa, na akawasindikiza waumini hadi Eleusis kwa nchi kavu, askari pande zote. Mtu aliyehukumiwa kifo kwa kuifanyia mzaha ibada hiyo sasa ndiye mlinzi wake! Hakudumu, baada ya miezi michache alipoteza ukamanda, akaondoka asirudi tena.

Andocides, aliyekuwa ameondoka Athens baada ya ushahidi wake, alirudi baada ya msamaha wa jumla wa mwaka 403 KK. Miaka kama minne baadaye, karibu na kesi ya Socrates, alishtakiwa. Thucydides alikuwa ameshaandika kwamba, wakati ule wala baadaye, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nani alifanya kitendo kile. Mahakama haikuwa na haja ya kujua hilo, wala haikumuuliza mshtakiwa kama anaamini kwamba Hermes aliiba ng'ombe au Persephone alikula komamanga. Ilitaka kujua kama mtu aliyekiri kufuru, na kwa hiyo amepigwa marufuku kuingia mahekaluni, alithubutu kuingia katika lile la Eleusis, na kama ndiye aliyeweka tawi la mzeituni juu ya madhabahu kwa siku isiyoruhusiwa. Raia waliokaa kuhukumu walipiga kura, wakamwachia.