Kijiji Kidogo cha Ufaransa na Historia ya Komuni Yake

Kudumu kwa vijiji vidogo vya Ufaransa, ambavyo baadhi yake havifikishi hata wakazi 50, hakuelezeki kwa kilimo peke yake, bali kwa komuni, yaani ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, yenye meya, baraza la madiwani na bajeti yake yenyewe. Komuni ilizaliwa na sheria ya Desemba 14, 1789, katika miezi ya mwanzo ya Mapinduzi ya Ufaransa, pale parokia zilizowakusanya wanakijiji kwa karne nyingi zilipogeuzwa, kwa sehemu kubwa na mipaka yake ileile, kuwa manispaa zipatazo 44,000.

Septemba 20, 1792, daftari la vizazi, ndoa na vifo lilitolewa mikononi mwa padri na kukabidhiwa manispaa. Sheria ya mwaka 1833, iliyosimamiwa na waziri François Guizot, ikaitaka kila komuni iwe na shule ya msingi ya wavulana, ama peke yake au kwa kuungana na jirani. Na kwa kuwa fedha zilikuwa haba, vijiji vingi vilijenga jengo moja lililobeba ofisi ya meya na darasa, huku mwalimu akiwa pia karani wa meya. Sheria ya Aprili 5, 1884 ikathibitisha kwamba meya, isipokuwa, wakati huo, katika jiji la Paris, huchaguliwa na madiwani wenzake.

Vita Kuu ya Kwanza, iliyoua askari wa Ufaransa wapatao milioni 1.4, iliviachia karibu vijiji vyote mnara wa kumbukumbu, ambao juu yake mara nyingi jina la ukoo mmoja limechongwa zaidi ya mara moja. Kijiji cha Fleury-devant-Douaumont, karibu na Verdun, kilibomolewa kabisa katika vita hiyo mwaka 1916 na hakikujengwa tena. Leo alama ndogo msituni zinaonyesha mahali palipokuwa na nyumba, shule na tanuri la mikate. Hakina mkazi, lakini meya kinaye, naye huteuliwa na prefe, yaani mwakilishi wa serikali kuu.

Kuhamia mijini, kulikoshika kasi baada ya mwaka 1945 kadiri trekta lilivyochukua kazi ya vibarua, kulifunga shule na maduka mengi, na sheria ya mwaka 1971 ikajaribu kuziunganisha komuni bila mafanikio makubwa, kiasi kwamba hadi sasa zimebaki karibu 35,000. Wanaoziona kuwa mzigo wa gharama wana hoja, lakini historia inawajibu kwamba mahali ambapo watu wachache bado wanaamua wenyewe kuhusu barabara, maji na makaburi yao, demokrasia ina mizizi ambayo hakuna ofisi ya mbali inayoweza kuipanda upya ikishang'olewa.