Bei ya Kumgonga Mtu

Tarehe 12 Agosti 1978, mjini Oakland, Darryl Stingley wa New England Patriots aliruka kufuata mpira uliorushwa. Hakuupata. Akiwa bado anashuka, Jack Tatum wa Oakland Raiders akamgonga. Shingo ikavunjika. Stingley alikuwa na miaka 26, na hakutembea tena hadi alipofariki mwaka 2007. Hiyo ilikuwa mechi ya kujinoa tu kabla ya msimu kuanza, matokeo hayahesabiwi popote.

Tatum alilipa faini ngapi? Sufuri. Refa hakurusha hata kitambaa cha njano. Kwa sheria za wakati huo, pigo lilikuwa halali.

Historia ya faini za NFL husimuliwa kama safari ya ligi katili iliyopata roho. Mimi naisoma kama historia ya bei.

Pigo la kuchelewa ni kumgonga mtu wakati kazi imeisha: mpira umeshamtoka mkononi, ameshavuka mstari, au filimbi imelia. Uwanjani timu yako inaadhibiwa yadi 15, kila mtu anaona. Adhabu ya pili huja kimya kimya baada ya mechi. Ofisi ya ligi inatazama video, kisha inamwandikia mchezaji barua ya faini. Sisi wa raga tumezoea tofauti. Ukimkaba mtu aliyeshaachia mpira unaweza kulambwa kadi ya njano, ukae nje dakika 10, wenzako wahangaike pungufu. Raga inakutoza muda. NFL, mara nyingi, inakutoza doo.

Kuna siku doo haikutosha. Novemba 1986, Charles Martin wa Green Bay Packers aliingia uwanjani na taulo lenye namba za wachezaji wa Chicago Bears. Jim McMahon alirusha mpira, wapinzani wakaunyaka, mchezo ukahamia kwingine. Ndipo Martin akamjia kwa nyuma, akamnyanyua na kumbwaga kwa bega. Msimu wa McMahon ukaisha hapo. Martin alifungiwa mechi mbili.

Oktoba 2010 bei ikapanda. James Harrison wa Pittsburgh Steelers alitozwa dola 75,000 kwa kumgonga Mohamed Massaquoi wa Cleveland Browns. Kwangu na kwako hiyo ni nyumba. Kwa Harrison, mwenye mkataba wa zaidi ya dola milioni 50, iliuma lakini ililipika. Na sasa sikia hii: wiki hiyo hiyo, picha ya pigo lile ilikuwa inauzwa kwenye tovuti ya ligi. Kelele zilipozidi, wakaiondoa.

Mwaka 2012 tukaona upande wa pili wa bei. Ligi ilitangaza kwamba ndani ya New Orleans Saints, kati ya 2009 na 2011, kulikuwa na mfuko wa siri: dola 1,000 mpinzani akibebwa kutoka uwanjani, 1,500 akishindwa kurudi. Kocha Sean Payton alifungiwa msimu mzima. Adhabu za wachezaji zilifutwa baadaye.

Pesa za faini huenda kwenye mifuko ya hisani, ukiwemo wa kusaidia wachezaji wa zamani waliokwama. Kumbe anayegonga leo anachangia matibabu ya waliogongwa jana. Ni jambo jema, sibishi.

Lakini kuna daktari Mnigeria, Bennet Omalu, aliyeuchunguza ubongo wa Mike Webster mwaka 2002. Webster, nyota wa zamani wa Steelers, alikuwa amefariki akiwa na miaka 50. Omalu aliona uharibifu unaohusishwa na kugongwa kichwa tena na tena kwa miaka. Mengi ya mapigo ya aina hiyo hayana faini. Ni yale ya kawaida, ya kila mchezo, yanayofika kwa wakati na kushangiliwa.

Hapo ndipo faini inaponitia shaka. Inatufundisha kwamba kosa ni kuchelewa, au kugusa pasipofaa, na yanayobaki yote ni safi. Ubongo hauna saa. Haujui kama filimbi ilikuwa imelia.

Na pigo lililomvunja Stingley halikuwa limechelewa.