Bandari ya Chabahar na Rukhsa ya Mwenye Vikwazo

Imepokewa katika sira kwamba Thumama bin Uthal, mkuu wa Yamama, aliposilimu aliwaapia Maquraishi kuwa haitawafikia punje ya ngano kutoka kwao mpaka Mtume (s.a.w.) atoe idhini. Makka ikabanwa na njaa. Wakamwandikia Mtume, naye akamwagiza Thumama awaachie chakula, ilhali walikuwa wakimpiga vita. Tumeanza na tukio hili kwa kuwa suali lake lingali hai: anayefunga njia ya biashara, njaa humfika nani?

Tuitazame bandari ya Chabahar, kusini-mashariki mwa Iran kwenye Ghuba ya Oman. Afghanistan haina pwani, na kwa miaka mingi bidhaa zake zilitegemea bandari ya Karachi. India nayo haikuwa na njia ya uhakika ya kuzifikisha shehena zake huko kupitia Pakistan. Ndipo India na Iran zilipokubaliana mwaka 2003 kuiendeleza Chabahar, na mwaka 2009 India ikakamilisha barabara ya kilomita 218 kutoka Zaranj hadi Delaram, ndani ya Afghanistan. Mei 2016 nchi hizo tatu zikatia saini mkataba mjini Tehran. Oktoba 2017 shehena ya kwanza ya ngano ikaondoka Kandla, ikashushwa Chabahar na kupelekwa Zaranj kwa malori.

Mei 2018 Marekani ikajitoa katika mapatano ya nyuklia na kurejesha vikwazo. Novemba, Chabahar ikasamehewa kwa hoja ya kuisaidia Afghanistan, na Desemba kampuni ya serikali ya India ikaanza kuendesha gati la Shahid Beheshti. Hata hivyo, msamaha wa karatasi haukutosha. Vikwazo haviweki mnyororo baharini. Huingia katika benki inayoogopa kupitisha malipo, katika bima, na katika kiwanda kinachosita kuuza mitambo. Winchi mbili za mwanzo zilizotolewa na India zilifika Januari 2021, miaka miwili baada ya kazi kuanza.

Mafakihi wana kanuni mashuhuri: hukumu huandamana na sababu yake, ikiwepo huwepo, ikiondoka huondoka. Agosti 2021 Taliban walirejea Kabul. Serikali iliyotia saini ikaanguka, lakini haja ya mkate haikuanguka nayo. Mei 2024 India ikafunga mkataba wa miaka 10, ikiahidi uwekezaji wa dola milioni 120 na mkopo wa dola milioni 250. Septemba 2025 Marekani ikaifuta rukhsa, kisha Oktoba ikatoa nyingine ya miezi 6. Hivyo mkataba wa miaka 10 ukawa unaegemea idhini ya miezi 6, ya mtu wa tatu asiyekuwemo katika mkataba. Sababu ya wenye njaa ilikuwepo. Iliyoondoka ni sababu ya mtoaji.

Oktoba hiyo hiyo, baada ya mapigano, mpaka wa Pakistan na Afghanistan ukafungwa kwa biashara. India, ilipoacha kununua mafuta ya Iran mwaka 2019, iliyapata kwingine. Mfanyabiashara wa Kandahar hana wasaa huo; njia zake zote mbili zimo mikononi mwa wengine.

Kwa hiyo tunaona kuwa wanaotunga vikwazo wana wajibu wa kutenga njia ya chakula kwa hukumu ya kudumu, si kwa rukhsa ya kuhesabiwa miezi. Wallahu aalam.