Barua ya Baba: Jinsi Usonji Ulivyoanza Kujulikana

[Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Leo tunasimulia historia ya usonji, ambao wengine huuita otizimu.

Katika kila kambi yupo mtoto ambaye ukimwita hageuki. Anapenda kukaa peke yake, anazungusha kifuniko cha sufuria kutwa nzima, na akisikia kelele za foleni ya chakula anaziba masikio na kulia. Majirani husema amerogwa, au mama yake amekosa jambo fulani.

Mwaka 1938, baba mmoja katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani, alikuwa na mtoto wa namna hiyo. Mtoto huyo, Donald Triplett, alihesabu mpaka 100 angali mdogo sana, lakini hakujali nani anaingia wala nani anatoka. Akitaka kitu chake, alisema "wewe" badala ya "mimi". Baba yake aliandika yote aliyoyaona, kurasa 33, akampelekea Daktari Leo Kanner mjini Baltimore.

Donald alipofika, aliangaliwa kwa wiki 2. Mmoja wa madaktari waliomwangalia ni Georg Frankl, Myahudi kutoka Vienna, Austria, aliyekimbia mateso ya Wanazi. Naam, alikuwa mkimbizi.

Mwaka 1943 Kanner alichapisha habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Wa kwanza katika orodha ni Donald, na mengi yaliyoandikwa juu yake yalitoka katika ile barua ya baba.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Baadaye lawama ziliwaangukia wazazi. Kanner mwenyewe aliandika mwaka 1949 kwamba wazazi hao hawakuwaonyesha watoto wao upendo wa kutosha. Akina mama wengi waliishi na aibu hiyo kwa miaka. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akatamka kwamba hawana hatia. Mwaka 1977 uchunguzi wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza ulionyesha kwamba usonji unahusiana sana na urithi wa mwili. Mtoto huzaliwa nao. Si kosa la malezi.

Na Afrika je? Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alitoa matokeo ya uchunguzi wake katika nchi 6, Kenya ikiwemo. Aliwatazama watoto zaidi ya 1,300 katika vituo vya wenye ulemavu wa akili, akawapata 9 tu wenye usonji kamili. Lakini alitafuta vituoni. Mtoto aliyefichwa nyumbani hakuhesabiwa.

Ndiyo maana tunawaomba, baba na mama, msimfiche mtoto. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, lakini mtoto hufundishika. Donald alisoma, akafanya kazi benki, akaendesha gari, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Mtazame mtoto wako kama baba yule alivyofanya. Alianza lini kusema? Nini kinamtisha, nini kinamtuliza? Hutoroka akielekea wapi? Kama hujui kuandika, mwombe mwanafunzi wa jirani akuandikie kwenye karatasi ya daftari. Nenda nayo kituo cha afya cha kambi, na ukihamishwa kambi, ihifadhi pamoja na karatasi zako nyingine. Mganga mpya atakayempokea hatamjua mtoto wako, na wewe ndiye utakayemweleza.



[Muziki wa kufunga]