Kupe Hafuati Nyasi, Hufuata Njia

Tarehe 27 Februari 1905, huko Kasongo, Maniema, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki kwa homa ileile aliyokuwa akiichunguza. Alikuwa na miaka 30. Yeye na mwenzake John Todd, waliotumwa na Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Liverpool, walikuwa wamethibitisha jambo ambalo watu wa Kongo walilisema zamani: homa ya kimputu, ile inayomwacha mtu akadhani amepona kisha ikamrudia baada ya wiki hivi, huletwa na papasi, aina ya kupe. Mdudu huyu haishi porini akimngoja mpita njia. Anakaa ndani ya nyumba, katika nyufa za sakafu ya udongo na vumbi la kuta, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi mafichoni kabla aliyelala hajaamka. Anaweza kukaa miaka bila kula. Mwaka huohuo wa 1905 Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alimkuta katika vibanda vya kupumzikia misafara, akaonyesha pia kwamba papasi huwarithisha watoto wake vimelea kupitia mayai. Kibanda kikishaambukizwa, basi, hubaki hivyo hata mgonjwa aliyekiletea ugonjwa akiwa amefika mbali.

Nimeanzia Kasongo kwa sababu pale panaonekana wazi ninachotaka kusema kuhusu Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini: magonjwa ya kupe katika nchi hii yameandikwa na safari za watu na mifugo kuliko yalivyoandikwa na msitu au nyasi. Tukimtazama mdudu peke yake, tutapigana naye milele bila kuelewa kwa nini anashinda.

Masisi ya leo, yenye vilima vya kijani na ng'ombe wa maziwa, si ya tangu kale. Ilikuwa nchi ya wakulima wa Kihunde, yenye misitu, mashamba na uchifu wake. Kuanzia 1937 utawala wa Wabelgiji ulihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, wengi wakiwekwa Gishari, ili wapunguze msongamano kwao na wawe nguvukazi ya mashamba ya walowezi. Baada ya 1959 walifuata wakimbizi. Kisha sheria ya ardhi ya 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na wenye vyeo na fedha wakajipatia mashamba makubwa, msitu ukafyekwa, uzio ukasimama. Kila hatua ya namna hiyo iliongeza malisho, na pamoja na malisho alikuja kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia anayebeba vimelea vya ndigana kali, ambayo waganga wa mifugo wa Kivu huiita teleriozi. Kupe huyu anatofautiana na papasi kwa jambo moja kubwa: hawarithishi watoto. Hunyonya damu ya ng'ombe mgonjwa akiwa mdogo, hudondoka majanini, hujivua gamba, kisha hupanda ng'ombe mwingine na kumwachia ugonjwa. Anahitaji wanyama wengi wanaopokezana nyasi zilezile. Huo ndio mpangilio uliojengwa juu ya vilima hivi.

Wapo watakaosema kupe walikuwepo kabla ya ng'ombe. Ni kweli: nyati hubeba vimelea hivyo bila kuugua, na Hifadhi ya Virunga iko jirani. Lakini nyati wachache ukingoni mwa hifadhi si sawa na makundi ya ng'ombe yaliyobanana kilimani. Pingamizi zito zaidi ni la josho. Kuogesha ng'ombe kwa dawa kila wiki hufanya kazi, na tangu karne iliyopita ndiyo imekuwa jibu la kila serikali. Mimi silikatai. Ila josho linataka maji, dawa isiyochakachuliwa, na njia isiyo na vizuizi vya wenye silaha. Tena lina udhaifu wake. Ndama aliyeumwa mapema na kupe kidogo kidogo akaokoka hubaki na kinga. Ng'ombe wa vilele vya juu kabisa, ambako baridi humzuia kupe kustawi, hana kinga hiyo. Mshushe kuelekea mabonde ya joto ya Walikale, au mlete kupe juu, naye huvimba tezi chini ya sikio, hupumua kwa shida, povu humtoka puani, hufa.

Na ni nani anayeshusha na kupandisha ng'ombe ovyo, kama si vita? Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Ng'ombe waliporwa, wakachinjwa, wakakimbizwa. Baadaye mifugo mingine ikaletwa kutoka nje kujaza malisho yaliyobaki matupu. Hali hiyo imejirudia mara nyingi, hadi vita vya waasi wa M23 miaka hii. Kundi linalohama kwa hofu halichagui malisho yaliyopumzishwa wala halisubiri chanjo. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba bunduki zimesambaza teleriozi kama zilivyosambaza njaa.

Tukirudi kwa kimputu, wengine huuliza kama homa zetu ni ule ugonjwa wa Lyme unaosikika Ulaya na Marekani. Si huo, ingawa ni ndugu. Willy Burgdorfer, aliyegundua kimelea cha Lyme na kukitangaza 1982, alikuwa amejifunza kazi yake Basel kwa papasi wa Afrika na kimelea cha kimputu, kilichopewa jina la Dutton. Elimu ilitoka kwetu. Cha kusikitisha ni kwamba kituo cha afya cha kijijini bado huandika "malaria" kila homa inaporudi, ilhali tone lilelile la damu, likichukuliwa homa ikiwa juu, huweza kuonyesha vimelea vyenye umbo la nyuzi zilizosokotwa. Viuavijasumu vya kawaida huviua, na kwa mama mjamzito kuchelewa kunaweza kumpotezea mtoto. Muuguzi makini humuuliza mgonjwa swali ambalo mganga wa mifugo humuuliza mchungaji kuhusu ng'ombe wake: wiki mbili zilizopita, ulilala wapi?